Shajara ya mradi: video za kutoa na kuzidisha, Darasa la Tatu, Muheza

Kabla ya kuanza

Nafundisha hisabati Darasa la Tatu katika shule moja ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga. Mwaka jana nilijaribu kufundisha kwa video nikaacha njiani. Nilipotaka kukumbuka kilichonishinda, sikuwa nimeandika hata mstari mmoja. Safari hii naandika.

Vifaa nilivyo navyo ni kompyuta mpakato yangu, projekta kuukuu niliyonunua kwa fundi Tanga mjini, spika ndogo ya kuchaji, na simu. Darasa lina watoto 71, madirisha mapana yasiyo na pazia, na bati lisilo na dari. Haya mawili ya mwisho nayataja mapema kwa sababu najua yatarudi.

Wiki ya 1, Jumanne

Sikutaka kurekodi chochote kabla ya kujua watoto wanakwama wapi. Niliandika ubaoni hesabu moja tu, 52 − 27, nikawapa karatasi. Walikosa 46. Kati ya hao 46, walioandika 35 ni 39.

Makosa yakifanana hivyo si ya kubahatisha. Mtoto ametazama safu ya mamoja, akaona 2 juu na 7 chini, akajua mbili haitoi saba, basi akageuza: saba toa mbili, tano. Halafu tano toa mbili, tatu. Kanuni anayo, ila ameitunga mwenyewe: kubwa toa dogo, liwe juu au chini.

Nilimwita mmoja mezani, nikamuuliza kwa mdomo: una machungwa 52, umeuza 27, yamebaki mangapi? Hapa Muheza hakuna mtoto asiyejua machungwa. Alitazama juu, vidole vikacheza kidogo, akasema 25. Nikamfungulia karatasi yake yenye 35. Akasema, "Ile ni hesabu, mwalimu. Hii ni machungwa."

Nimelala na maneno hayo. Kama video zangu hazitaunganisha vitu hivyo viwili, hazina kazi.

Wiki ya 1, Jumamosi

Nimerekodi video ya kwanza. Simu nimeilaza juu ya kipande cha ubao chenye tundu, ubao nimeuegemeza kwenye mirundo miwili ya vitabu, kamera inatazama meza kutoka juu. Mikono yangu inaonekana, sura haionekani. Wazo hilo si langu. Salman Khan, mwanzilishi wa Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, aliyeanza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake Nadia hisabati kutoka mbali na kuanza kuweka masomo YouTube mwaka 2006, alitumia sauti na mwandiko tu. Mtoto asipokuwa na sura ya kutazama, macho yake hubaki kwenye namba.

Video imefika dakika 11. Nimejumuisha kila kitu: mamoja, makumi, kukopa, mifano minne. Nimeridhika nayo sana.

Wiki ya 2, Jumatano

Haikufaa. Watoto walikaa kimya kwa dakika zote 11, na mimi nikadhani kimya hicho ni uelewa. Nilipowapa hesabu, matokeo yalikuwa yaleyale.

Nimekaa jioni kutafuta tofauti kati ya video yangu na za Khan. Khan amewahi kusimulia kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi kwenye video kuliko ana kwa ana. Sababu ilikuwa wazi: video waliweza kuisimamisha na kuirudia bila kumwonea mtu aibu. Kitufe kilikuwa mkononi mwa anayejifunza. Na mkoa wetu wenyewe umewahi kuliona jambo hili kwa ukubwa. Shindano la Global Learning XPRIZE lilileta tableti zenye programu za Kiswahili kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji vya Tanga, wengi wao wasiosoma shule yoyote. Ziliwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu kwa miezi 15, na mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Kule nako kila mtoto alikuwa na chombo chake. Akikwama, chombo kinamsubiri.

Mimi nina ukuta mmoja na watoto 71. Video ikianza kutembea, inatembea kwa mwendo wangu mimi niliyeirekodi Jumamosi nikiwa peke yangu mezani, ninayejua jibu. Hakuna anayeweza kuniambia ngoja.

Swali la mradi huu limebadilika. Nilidhani ni video nzuri ikoje. Sasa ni hili: darasani, kitufe cha kusimamisha kinashikwa na nani?

Wiki ya 3, Jumatatu

Leo nimepata somo kubwa, na nimelipata kwa mtoto.

Nilikuwa narudia kueleza kukopa ubaoni: mbili haitoi saba, basi inakopa kumi kwa jirani, inakuwa kumi na mbili. Msichana mmoja wa dawati la tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbili ikishakopa, inamlipa tano lini?"

Nikamwomba aje afanye mbele. Akaandika: kumi na mbili toa saba, tano. Sawa. Tano imebaki nne, nne toa mbili, mbili. Sawa. Kisha akasema, "Sasa tunarudisha ile moja," akaongeza moja kwenye makumi, ikawa tatu. Jibu 35.

Nilisimama na chaki mkononi. Ina maana wale 39 niliowaweka kapu moja wiki ya kwanza hawakuwa kapu moja. Wapo waliogeuza tarakimu, na wapo walioelewa kila hatua niliyowafundisha, wakaongeza ya uaminifu: mkopo hulipwa. Nyumbani wanafundishwa hivyo, na wanafundishwa vizuri. Neno langu ndilo lililowapoteza.

Kosa jingine ni langu la kuchagua namba. Katika 52 − 27 tofauti ya mamoja ni tano, na tano inafanana ukitoka upande wowote: saba toa mbili ni tano, na kumi na mbili toa saba ni tano. Kwa hiyo makosa mawili tofauti yalinipa jibu moja. Nilipowapa 63 − 24 yakaachana mara moja. Anayegeuza anapata 41. Anayelipa deni anapata 49. Jibu sahihi ni 39. Waliopata 49 ni tisa. Watoto tisa waliokuwa wanafikiri sawasawa, na mimi nikawawekea alama ya kosa bila kuwauliza.

Tangu leo, kabla ya kuchagua namba za jaribio, nafanya mwenyewe kila kosa ninaloweza kulifikiria na kuona kama majibu yanatofautiana.

Wiki ya 3, Jumamosi

Nimerekodi upya. Neno kukopa limetoka kabisa. Nimetumia vijiti: makumi yamefungwa kwa raba, vijiti kumi kila fungu. Nina mafungu matano na vijiti viwili. Nataka kutoa saba. Viwili havitoshi. Mkono wangu unachukua fungu moja, unatoa raba, vijiti vinasambaa mezani. Ninasema, "Nafungua kumi." Hakuna aliyemkopa mtu. Vijiti ni vilevile 52, sasa vimekaa kama mafungu manne na vijiti 12.

Video ina dakika tatu na nusu. Mara nne ndani yake nimeinua kiganja mbele ya kamera kikafunika meza yote. Kiganja kikionekana, video inasimama, na kila mtoto anafanya na vijiti vyake.

Vijiti walileta wenyewe, vya fagio la chelewa, 60 kila mmoja. Raba hazikutosha, wengi wakafungia kwa nyuzi za migomba. Zimefaa kuliko raba, kwa sababu uzi wa mgomba ukifunguliwa unaonekana na kusikika.

Wiki ya 4, Alhamisi

Madirisha yamezibwa kwa vitenge vya wazazi, sita kwa jumla, na picha sasa inaonekana hata nyuma. Joto limeongezeka. Tunafungua vitenge kila baada ya kiganja.

Video ya dakika tatu na nusu imekula kipindi kizima. Mwalimu mwenzangu aliyekuja kuangalia aliona ni polepole mno. Mimi naona huo ndio mwendo wake. Dakika za video ni chache, dakika za vijiti ni nyingi.

Ila nilikosea jambo moja. Nilikuwa naendelea na video nikiona madawati ya mbele yamemaliza. Mvulana wa nyuma kabisa akaniambia baada ya kipindi, kwa upole, "Mwalimu, mkono wako uliondoka kabla sijafungua." Nimeazimia kwamba kuanzia kesho kitufe hakitakuwa changu. Kompyuta itabaki mbele, lakini mtoto mmoja wa dawati la nyuma atakuwa mwangalizi. Anatazama madawati yaliyo karibu naye, na asipoinua mkono video haiendelei. Kila siku mtoto mwingine.

Wiki ya 4, Ijumaa

Mwangalizi wa kwanza aliiweka video kusubiri kwa dakika saba. Nilitamani kumharakisha, nikajizuia. Kumbe jirani yake alikuwa anafungua fungu na kulifunga tena, anahesabu kama kweli ni kumi. Alirudia mara tatu. Alikuwa hajawahi kuamini.

Wiki ya 5

Thamani ya nafasi. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtoto anayejua kwamba kumi na tatu ni kumi na vitatu vya juu hawezi kusema ishirini ni makumi mangapi. Jibu limo katika majina yenyewe. Kumi na moja hadi kumi na tisa zinajieleza. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini ni maneno yaliyotoka Kiarabu, na kwa sikio la mtoto wa miaka minane hayasemi lolote kuhusu mbili, tatu, nne, wala tano. Arobaini kwake ni jina tu, kama jina la kijiji.

Na Kiswahili kina neno lake la kumi linalohesabika: mwongo, miongo. Tunalitumia kwenye miaka, miongo miwili, miongo mitatu, tukaishia hapo. Nimetengeneza video fupi ambayo kila fungu la vijiti likiwekwa mezani tunasema mara mbili: makumi mawili, ishirini. Makumi matatu, thelathini. Darasa zima linaitikia. Kwa siku tano tumeanza kipindi hivyo, dakika mbili tu.

Sitaki kudai makubwa. Lakini Ijumaa nilipouliza sabini ina mafungu mangapi, mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko siku yoyote ya mwaka huu.

Wiki ya 6

Masika imefika. Mvua ikipiga bati, spika haisikiki hata mstari wa mbele. Jumatatu niliahirisha. Jumanne ilinyesha tena, nikasema haiwezekani kusubiri hadi Juni. Nikazima sauti, nikaacha picha peke yake.

Kilichotokea sikukipanga. Kwa kuwa video haisemi, watoto wakaanza kuisemea. Mkono wangu ukutani ulipochukua fungu, darasa lote likapaza sauti, "Fungua!" Walipoona vijiti 12, wakahesabu kwa sauti kushinda mvua. Sauti yangu ya kwenye video ilikuwa inawanyang'anya kazi yao.

Kuna mtoto mmoja asiyesikia vizuri, anayekaa dawati la kwanza. Siku hizi mbili za mvua alikuwa sawa na wenzake kwa kila hatua. Nimeona haya moyoni kwamba ilibidi mvua inyeshe ndipo nimfikirie. Video zote kuanzia sasa zinatengenezwa zieleweke bila sauti, na namba zinaandikwa kwa kalamu nene pembeni mwa vijiti.

Umeme ulikatika Alhamisi. Betri ya kompyuta ilikuwepo, projekta haina betri. Tukafanya kwa vijiti tu, bila video, na kipindi kilikwenda vizuri.

Wiki ya 7

Kuzidisha. Nilikwenda sokoni Muheza kurekodi. Mama mmoja anayeuza machungwa alinikubalia kwa sharti nirekodi mikono tu. Anapanga mafungu ya matano. Anahesabu mafungu, hahesabu machungwa. Mafungu manne, ishirini. Mafungu saba, thelathini na tano. Hakosei, wala hatazami.

Video hiyo ina dakika mbili na hakuna neno ndani yake. Watoto waliokuwa wanaimba tebo ya tano bila kujua inahusu nini wakaiona imekaa mezani. Zaidi ya hapo sina cha kuandika. Imefanya kazi yake na tumesonga.

Wiki ya 8

Saa. Nilipewa video kwenye flashi, imetafsiriwa vizuri kwa Kiswahili fasaha. Mshale mfupi uko kwenye 7, jua linachomoza, na sauti inasema, "Ni saa saba asubuhi." Darasa likapiga kelele. Saa saba wao wanajua ni mchana, wakati wa chakula.

Tafsiri ya maneno ilikuwa sahihi, ila hakuna aliyetafsiri asubuhi. Mtoto wetu anahesabu saa tangu jua linapochomoza, na uso wa saa umechorwa kwa hesabu nyingine. Hiyo ni kazi ya ziada ambayo mtoto anayesoma kwa Kiingereza hana, na inastahili somo lake.

Nimekata duara la boksi, nikaandika namba 1 hadi 12, na mahali pa mshale mfupi nikaweka kijiti kinachopita katikati na kutokeza pande zote mbili. Kichwa nimekipaka nyekundu, mkia bluu. Kichwa kikiwa kwenye 7, mkia uko kwenye 1: saa moja. Kichwa kwenye 10, mkia kwenye 4: saa nne. Kichwa kwenye 12, mkia kwenye 6: saa sita. Kila saa jibu liko upande wa pili. Video nzima ni mkono unaozungusha kijiti, na kiganja kila baada ya saa moja ili watoto waseme kabla ya kuona.

Baada ya siku tatu nikapaka mkia rangi ya boksi lenyewe, usionekane vizuri. Bado waliweza.

Wiki ya 9 na 10

Wazazi wameomba video. Nilipunguza ukubwa wa picha hadi kila moja iingie kwenye megabaiti chache, nikaziweka kwenye memori kadi na kuzituma kwa WhatsApp kwa wenye simujanja. Bando ni ghali, kwa hiyo wengi walikuja shuleni tukatumiana simu kwa simu bila intaneti.

Bibi mmoja anayelea wajukuu watatu alikuja kunieleza jioni. Simu ni ya mwanawe anayeendesha bodaboda, inapatikana usiku tu. Mjukuu wa Darasa la Tatu anaiweka juu ya kinu, wa Darasa la Kwanza anashika vijiti. "Mwalimu, anaisimamisha kila mara," alisema kwa wasiwasi kidogo. "Hairuhusu iende. Mkono wako ukija, anaweka kidole. Mkono usipokuja, anaweka vilevile." Alitaka kujua kama anaiharibu.

Nilimwambia haharibu kitu. Mjukuu huyo ndiye mvulana wa dawati la nyuma, yule ambaye mkono wangu uliondoka kabla hajafungua.

Wiki ya 12, Jumanne

Jaribio. Nimechagua 74 − 38 kwa sababu makosa yake yanaachana: anayegeuza anapata 44, anayelipa deni anapata 46, sahihi ni 36.

Walikuwepo 66. Walioandika 36 ni 49. Walioandika 44 ni 11. Walioandika 46 ni wawili. Wanne wana majibu mengine, nitawauliza mmoja mmoja. Sijui ni kiasi gani cha haya ni video na kiasi gani ni vijiti au wiki 12 za kurudia jambo moja, na sioni namna ya kuvitenganisha. Wale 11 wamenihuzunisha. Saba kati yao ni watoto wanaokosa shule siku nyingi, na hakuna video niliyorekodi inayomfikia mtoto ambaye nyumbani hakuna simu na shuleni hayupo.

Wiki ya 12, Alhamisi

Niliwapa 304 − 128 ili nione kama kufungua kumekaa. Hakukukaa. Wengi waliandika 224, wamegeuza tena. Wale waliojaribu kufungua walifika kwenye makumi wakakuta sifuri, wakaweka kalamu chini. Mmoja aliandika pembeni kwa herufi ndogo: hakuna fungu.

Amesema kweli. Katika video zangu zote fungu la kumi lilikuwepo mezani likisubiri kufunguliwa. Sijawahi kuwaonyesha mkono unaokwenda kwenye mamia, unafungua mia kuwa makumi kumi, kisha unarudi kufungua kumi moja. Inahitaji vijiti 304, na mia lazima iwe fungu la mafungu, kila kumi limefungwa ndani ya fungu kubwa, ili likifunguka yatoke makumi kumi na si vijiti ovyo.

Nimewaomba kila mmoja alete vijiti vitano kesho. Jumamosi tutafunga pamoja, na anayerekodi safari hii atakuwa mtoto aliyeandika hakuna fungu. Mikono itakuwa yake.